Mtu wa Anga Aliyesalimia kwa Kikisi

Wiki hii nimeangalia picha tatu, wajukuu zangu, na zote tatu nimezilalamikia. Mjukuu wangu Atupele anasoma chuo huko Mbeya, na kila akija likizo hapa Bujonde huja na kompyuta yake imejaa picha za kutisha na za mambo ya anga. Anajua babu yake aliishi kwa picha hizo zaidi ya miaka ishirini. Tunaiweka kompyuta juu ya gunia la kakao, tunafunga dirisha, na mchana unageuka usiku mdogo wa watu wawili.

Ya kwanza ilikuwa ya nyumba yenye chumba chini ya ardhi. Ndani ya chumba kuna kitu. Familia nzima inajua kuna kitu, na bado kila mmoja anashuka peke yake na tochi inayokata roho. Nikamwambia Atupele kwamba hapa Kyela picha hiyo isingemaliza dakika kumi. Chimba chumba chini ya ardhi mwezi wa pili, mwezi wa nne unafuga kambale. Jini mwenye akili timamu hawezi kukubali kupanga humo.

Ya pili ilikuwa ya wingu jeusi linaloshuka juu ya ziwa, na ukilitazama vizuri unaona ni wadudu, wengi kuliko mtu anavyoweza kusema, wanaingia watu puani na masikioni. Waliotengeneza wamefanya kazi, nawapa heshima yao. Lakini mimi ni mtu wa ziwa. Nikiona wadudu wamepanda juu ya maji kama moshi, akili yangu inatafuta kapu. Sisi wale tunawakamata, tunawafinyanga mikate, tunawaanika na kuwala kwa ugali. Atupele alijifunika uso kwa kanga na mimi nikawa nameza mate. Nakumbuka niliwahi kuonyesha picha ya namna hiyo bandani kwangu, na benchi zima la nyuma likashangilia upande wa wadudu.

Ya tatu niliipenda nusu. Dunia yote ni maji, na watu wachache wanaishi ndani ya chombo kinachoelea. Wakiamka hawana hakika kama jana ilikuwepo. Hakuna damu, hakuna anayekimbizwa. Mtu anatazama maji, halafu anatazama maji tena. Nilisinzia katikati, nikaota kitu kilekile kilichokuwa kinaendelea, na nilipofumbua macho sikuwa nimepitwa na lolote. Hiyo naisema kama sifa. Ubaya wake ni mwishoni, anapotokea profesa na kueleza kila kitu, na ndoto yote inaharibika. Mambo mengine ya majini yaachwe yalivyo.

Basi Atupele akafunga kompyuta na kuniuliza, katika picha zote nilizowahi kuona, ipi ilinitisha kweli. Sikumjibu pale pale. Nimeona niwaandikie wote, kwa sababu nasikia siku hizi kuna vijana wengi wanaotafsiri picha na kuzitia kwenye flashi. Kazi hiyo niliifanya kabla yenu, na ina hatari ambayo hakuna mtu atawaambia.

Banda langu lilikuwa Matema, karibu na ufuko. Kuta za mabanzi, paa la bati, na mapazia ya turubai jeusi ili mchana uwe usiku. Mvua ikinyesha juu ya bati lile hakuna aliyesikia kitu, na mvua ya Kyela mnaijua. Jua likiwaka, mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari na kumwagika sakafuni, watu wakakaa katikati ya vinyota. Mbele palikuwa na televisheni na deki, nje jenereta, na pembeni ya televisheni nilikaa mimi juu ya kigoda na maiki mkononi. Mzungu akisema, nami nasema. Mimi ndiye nilikuwa steringi, adui, mke wa steringi, askari, na hata mbwa.

Kiingereza nilifundishwa na tata Ambokile, mzee wa bandarini Itungi aliyefanya kazi kwenye meli zilizokuwa zikishuka kusini hadi Malawi. Ni yeye aliyenitoa ujinga, namshukuru mpaka leo, ndaga fijo. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha melini, na mimi nikakimeza kama kilivyo. Kwa hiyo katika picha zangu zote vyombo vya anga vilitia nanga mwezini, vilifunga kamba kwenye gati la nyota, na nahodha alipoona viumbe wa ajabu aliagiza mizigo ihamishiwe upande wa pili. Hakuna aliyelalamika. Watu wa Matema walikwenda mwezini mara nyingi kwa njia ya Itungi, na walirudi salama.

Tata Ambokile alinifundisha pia kutazama mdomo. Mdomo wa mtu kwenye kioo ukifunga, wewe nyamaza, hata kama una maneno matamu yamebaki. Mengine nilijifunza mwenyewe. Sauti ya mwanamke usiibane kama panya, punguza tu mwendo na watu watamwona mwanamke. Kitisho usikipigie kelele. Kadiri jambo linavyotisha ndivyo unavyoshusha sauti, mpaka watu wa nyuma wanainama mbele kusikiliza, na wakishainama umewapata. Kunywa maji ya vuguvugu. Na kabla ya kuonyesha picha, itazame peke yako mpaka mwisho. Sheria hiyo ya mwisho niliishika siku zote, na ndiyo iliyoniponza, kama mtakavyoona.

Makosa nilifanya mengi. Moja liliwachekesha watu mwaka mzima. Ilikuwa picha ya maiti wanaotoka makaburini, nikashusha sauti kama nilivyowaambia na kusema, "Wafu wamefufuka." Mama mmoja wa kwaya, aliyeingia kukwepa mvua, akaitikia "Amina", na benchi lake lote likaitikia "Amina". Nikajaribu kuendelea kuwatisha, haikuwezekana. Kwetu wafu wakifufuka ni habari njema, watu wanavaa nguo mpya na kuchinja kuku. Tangu siku hiyo maiti wa picha zangu hawakufufuka tena, waliinuka tu. Kufufuka nikawaachia wachungaji.

Sasa nifike kwenye picha yenyewe. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema. Wanawake wa Kikisi wanakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vyungu vyao, wanauza, na wakimaliza wanasubiri mitumbwi ijae ndipo warudi. Muda huo wa kusubiri wengi waliupitishia bandani kwangu. Mmoja wao alikuwa Mama Lusajo. Nilimjua kwa mbali, kwa kuwa mama yangu mzazi alikuwa mtu wa Ikombe, ingawa baba ni Mnyakyusa, na nilikulia kidogo kule kwa wajomba. Alikuwa mama mtulivu, mwenye mikono mikubwa, anayekaa benchi la pili.

Picha ilikuwa ya mwanaume aliyetumwa angani akapotea. Miaka inapita, wenzake wanamwambia mkewe aomboleze, mke anaishi peke yake pembeni ya maji. Siku moja kinaanguka kitu majini, na mwanaume yule anatoka anatembea kuja ufukoni na nguo zake za anga, maji yanamchuruzika. Anavua kofia. Anamtazama mkewe na kusema neno fupi la salamu.

Hapo nikataka kuwachekesha. Wajomba zangu wa Ikombe, na wanaume wengine wa ufuko ule, walikuwa na salamu yao. Mtu akirudi kuvua haongei mpaka mtumbwi uguse mchanga. Ukigusa, kabla hata ya kushusha samaki, anamsalimia mkewe kwa neno moja la Kikisi. Siliandiki hapa kwa sababu si langu. Lakini siku ile nililichukua kama langu na kumtilia Mzungu wa anga kinywani. Banda likalipuka kwa kicheko. Wanawake wa Ikombe walipigana mabega, mmoja akadondosha karanga zake zote.

Mama Lusajo hakucheka. Alikuwa amepakata chungu ambacho hakikununuliwa, na viganja vyake viwili vilikuwa vimefunika mdomo wa chungu. Ndipo nikakumbuka. Mumewe alikwenda kuvua miezi minane nyuma, ukavuma upepo mkali wa mwera, na mtumbwi wake ukakutwa kwenye mwamba umelala kifudifudi. Yeye hakuonekana.

Sasa sikilizeni, maana mimi picha ile nilikuwa nimeshaitazama mpaka mwisho. Yule aliyetoka majini si mume. Ni kitu kimevaa sura ya mume. Mke anaanza kuona kwamba hapepesi macho, kwamba hana kivuli jikoni, na mwisho anamwambia, wewe si yeye, na kumfungia mlango. Ni picha nzuri sana, mojawapo ya nzuri nilizowahi kuonyesha. Na pale pale kwenye kioo mke alikuwa anafungua mdomo kumwuliza, "Wewe nani?"

Nilimwangalia Mama Lusajo, na ulimi ukakataa. Nikashika maiki kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya yule mke, polepole: "Karibu nyumbani, mume wangu. Walisema umekufa, mimi nikakataa." Kisha nikachomoa waya kwa kisigino na kuwatangazia watu kwamba jenereta imeishiwa mafuta. Jenereta ilikuwa inanguruma nje na kila mtu anaisikia. Nikasema basi, deki imeungua.

Watu walinisema, wakatoka juani wakifikicha macho. Mama Lusajo alitoka wa mwisho. Alipopita karibu yangu alisema asante, kaka, na nikajiona nimefanya jambo la huruma.

Jumamosi iliyofuata alikuja kuuliza kama ile picha ipo. Nikaiweka mpaka kwenye salamu, na baada ya hapo diski "ikakwama". Jumamosi ya tatu vilevile, na ya nne. Wengine walichoka wakaanza kunikimbia, lakini yeye alikaa benchi la pili na kusikiliza akiwa amefumba macho. Nami kila mara niliitamka ile salamu vizuri zaidi, nikiamini nampa dawa. Kutafsiri gizani kunalevya, vijana. Unasema neno, na mtu mbele yako anapona au anaugua, nawe humwoni vizuri kujua lipi.

Kabla ya Jumamosi ya tano alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hakutaka kuketi. Alinieleza kwamba ukoo ulikuwa umekubaliana na mchungaji kufanya ibada ya kumuaga ndugu yao, kwa kuwa mwili hautapatikana tena, na Mama Lusajo mwenyewe alikuwa amekubali. Sasa amekataa. Anasema hata kwenye picha walimwambia yule mke aomboleze. Na kila siku baada ya kula mchana anachukua mtumbwi peke yake, anapiga kafi mpaka kwenye ule mwamba, anakaa kutazama maji hadi upepo unapoanza. Juzi upepo ulimkuta. Wanaume wawili walimtoa kwenye maji akiwa hana nguvu, na jana mchana akarudi kulekule.

"Ndugu mtafsiri," akaniambia, "yale maneno aliyapata kwako. Njoo uyachukue."

Atupele, na ninyi wengine, hapo ndipo niliogopa. Nimeona vichwa vinaruka, nimeona dunia inapasuka katikati, nimeona watoto wanatembea darini, na yote niliyasimulia huku nakula muhogo. Lakini asubuhi ile nilipanda mtumbwi kwenda Ikombe na muhogo wangu ulifika mzima. Ziwa lilikuwa limetulia, milima imesimama ndani ya maji kichwa chini, na kwa muda mrefu sikujua tunakwenda mbele au tumesimama. Nilijiona kama niko ndani ya picha ambayo hakuna anayeitafsiri. Nilikuwa naomba njia isiishe.

Nilimkuta uani kwake anafinyanga. Alikuwa amefikia kusugua, ile hatua ya kupitisha kokoto laini juu ya chungu mpaka kinang'aa. Shemeji yake alikaa mbali kidogo, kwenye kizingiti. Nilimsalimia, akanipa kigoda, akaendelea kusugua.

"Mama Lusajo," nikasema, "ile picha ina mwisho. Deki haikuungua."

"Najua. Jenereta ilikuwa inasikika."

Nikamweleza yote. Kwamba aliyetoka majini hakuwa mumewe. Kwamba mke alimwuliza wewe nani, akakosa jibu, na akamfungia mlango. Kwamba yale maneno ya karibu nyumbani hayamo kwenye picha hata kidogo, niliyatunga mimi kwa kukosa moyo wa kusema mengine. Nilitegemea alie, au anitukane, na ningeshukuru. Alisugua chungu upande mmoja mpaka akaumaliza, akakigeuza.

"Na ile salamu?" akauliza.

Nikasema nayo ni yangu, niliichukua kwa wajomba zangu.

"Hiyo nilijua toka siku ya kwanza. Unaitamka kama Mnyakyusa."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini basi anakwenda mwambani kila siku. Kokoto ikasimama.

"Jumamosi najua ni wewe," akasema. "Jumapili bado najua. Ikifika Jumanne sikumbuki tena kama ni sauti yako au yake. Ndipo nakwenda."

 Niliona aibu, mimi mtu niliyeishi kwa maneno miaka yote ile. Nilikuwa nimeingiza sauti yangu juu ya sauti ya marehemu, na ya marehemu ilikuwa inafutika. Nilimwomba msamaha. Nikamwahidi kwamba ile diski nitaivunja na ile salamu haitatoka tena kinywani mwangu.

"Itoe mara moja," akasema. "Hapa, mchana, nikikuona."

Nilimtazama shemeji yake, naye akainamisha kichwa. Basi nikaisema.

"Siyo hivyo. Mwisho wake unashuka."

Nikaisema tena, nikiishusha mwisho. Akasema ninaharakisha, na mtu anayerudi kuvua amechoka, haharakishi. Nikaisema mara ya tatu. Akanirekebisha katikati, mahali ambapo ulimi wa Kinyakyusa unapenda kubonyeza na Kikisi kinapita juu juu. Alinifundisha kwa subira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwake, na kila aliporekebisha nilisikia kwamba haboreshi neno langu, anarudisha la mumewe mahali pake. Mara ya nne niliisema bila kufikiri. Shemeji yake aliinua kichwa ghafla.

Mama Lusajo hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ziwa. Akajibu ile salamu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mke aliye na kazi mkononi, anayefikiria moto na chumvi. Kisha akalaza chungu kwenye majani, akanawa udongo mikononi, kidole kimoja kimoja, na kumwambia shemeji yake amwite mchungaji, waje Jumapili. Mchana ule mtumbwi wake ulibaki mchangani.

Nilihudhuria ibada, nikakaa nyuma. Diski niliivunja kama nilivyoahidi. Banda niliendelea nalo miaka mingine mingi, mpaka simu zenu zilipokuja na kuniweka pembeni, na sina kinyongo.

Jibu alilolitoa lilikuwa neno moja fupi. Nilikuwa sijawahi kulisikia, kwa sababu nilipokuwa mdogo kule kwa wajomba nilikaa na wanaume kwenye mitumbwi, na neno lile lilisemwa upande wa pili, nchi kavu, na wake. Nalikumbuka mpaka leo, na wapo watu wengi wa kuwauliza maana yake. Sijamwuliza hata mmoja.